Vyombo vya Siku Hizi Mpakani: Saa, Simu na Maneno Yake

Makala za utamaduni wa taifa letu aghalabu huanza na ngoma, yakafuata mavazi, kisha methali, na mwandishi akifika hapo huweka kalamu chini. Hatuna ugomvi na mpango huo. Lakini mtu akisimama asubuhi katika stendi ya mabasi ya Tunduma akatazama vilivyo mikononi mwa watu, hataona ngoma. Ataona simu za kila namna, saa za mkononi, redio ndogo iliyofungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli ili betri zisichomoke, mashine ya stakabadhi juu ya meza ya duka, na kipaza sauti cha muuza dawa ya panya kikirudia maneno yale yale tangu asubuhi, hata mwenyewe akienda kula kikaendelea kunadi peke yake. Vitu hivi navyo vinasema. Vina lugha yao, vina adabu au utovu wa adabu, na vinamwelekeza mtu namna ya kusalimu, ya kuhesabu saa na ya kutaja jina lake. Kwa hiyo tumeona yafaa tuvihakiki kwa njia ile ile tunayouhakiki utenzi: chombo hiki kinasema nini, kinasema kwa lugha ya nani, na kinamfanya nini anayekisikiliza?

Tumeichagua Tunduma kwa kuwa tumefanya kazi katika sehemu hizo, na pia kwa kuwa vyombo vya dunia hupitia hapo. Barabara kuu iendayo Zambia yapita hapo. Reli ya TAZARA, yenye kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 na kukabidhiwa mwaka 1976, huvuka mpaka hapo. Mji wa Nakonde uko ng'ambo, na mgeni hawezi kung'amua kwa macho mahali Tanzania inapokwisha. Kinyamwanga husemwa pande zote mbili. Tarehe 5 Oktoba 2019 Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu walizindua kituo cha pamoja cha forodha, ili lori likaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Ndani ya malori hayo, pamoja na shaba na mafuta na mbolea, mna pia majokofu, pasi, televisheni na simu. Mkoa wa Songwe wenyewe ni mchanga, ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na sensa ya mwaka 2022 iliukuta na watu zaidi ya milioni 1.3. Wanyiha, Wanyamwanga, Wandali na wengineo wanaokaa humo walikuwa na vyombo vyao kabla ya malori.

Haki ya mahali hapa yataka tuanze na chuma. Huko Mbozi pana kimondo ambacho wageni wengi huja kukipiga picha, donge la chuma lililoanguka kutoka mbinguni zamani sana hata hakuna masimulizi ya kuanguka kwake. Hukadiriwa kuwa na uzito wa tani 12 hadi 16, na sehemu kubwa yake, kama asilimia 90, ni chuma. Wageni walikiandika katika vitabu vyao mwaka 1930. Wenyeji walikuwa wakikijua. Lakini chuma kinachotuhusu zaidi si hicho cha mbinguni. Wanyiha walikuwa wafua chuma. Waliyeyusha udongo wenye madini kwa tanuri, kwa mivukuto na kwa makaa, wakafua majembe na mikuki. Jembe la kiwandani lilipofika, la bei nafuu na lisilo na miiko, tanuri zilizimika moja moja. Twasema hivi si kwa kulilaumu jembe la kiwandani, maana limetulisha. Twasema kwa sababu tanuri zilipozimika yalizimika pia maneno: jina la kila sehemu ya tanuri, jina la kila hatua ya kazi, jina la rangi ya moto unapokuwa tayari. Chombo kilichotengenezwa na watu wako huja na maneno yake. Chombo kilichonunuliwa huja kimefungwa katika sanduku, na maneno yaliyomo sandukuni ni ya watu wengine.

Redio peke yake ndiyo chombo cha kisasa kilichotujia kikiwa tayari kinasema Kiswahili. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na mwaka 1965 ikazaliwa Redio Tanzania Dar es Salaam. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Redio nyingine ziliunganishwa humu humu nchini, na kampuni ya Philips huko Arusha na ya Matsushita huko Dar es Salaam. Kizazi chetu kilikuwa kidogo wakati huo, nasi tunayokumbuka vizuri ni ya miaka ya shida iliyofuata, betri zilipokuwa adimu kuliko sukari, zikianikwa juani juu ya bati ili zipate uhai wa taarifa moja ya habari. Kwa betri za namna hiyo ndivyo wengi wetu tulivyomsikia Mwalimu akitangaza kifo cha Sokoine, Aprili 1984.

Katika vipindi vyote vya redio ile, sisi twadhani kazi ya fasihi iliyokuwa bora kuliko zote haikuwa mchezo wa kuigiza wala shairi. Ilikuwa matangazo ya vifo. Msomaji wa siku hizi atashangaa, lakini na akumbuke umbo lake. Lilitajwa jina la marehemu, likatajwa na mahali alipofia, kisha ikaanza safari: habari zimfikie fulani aliyeko Tanga, fulani wa reli Tabora, fulani mwalimu huko Newala, na ndugu na jamaa wote popote walipo. Kwa dakika moja msikilizaji wa Mbozi aliiona nchi nzima imefungwa kwa uzi wa ukoo wa mtu asiyemjua. Hakuna ramani iliyotufundisha Tanzania kwa namna hiyo. Leo msiba hupita katika simu, kutoka ndugu kwa ndugu, upesi na kwa uhakika zaidi, na waliofiwa hawaoni kasoro. Kasoro iko kwa sisi tusio wa ukoo: hatusikii tena. Na katika wilaya zetu za mpakani jambo hili limezidi, kwa kuwa usikivu wa redio ya taifa ulikuwa hafifu kwa miaka mingi, na mtu wa Ileje au Momba akizungusha kitufe aliwapata majirani wa Malawi na Zambia kabla ya kutupata sisi. Malalamiko hayo ya mipakani yamewahi kufikishwa Bungeni.

Sasa tuje kwenye saa, maana hapa ndipo Tunduma ina somo ambalo Dar es Salaam haina.

Mkono mfupi wa saa ukisimama kwenye 7 asubuhi, Mswahili husema ni saa moja. Siku yake huanza na jua, si katikati ya usiku wakati kila mtu amelala. Kwa hiyo tangu saa za mkononi zilipoingia nchini, mamilioni ya watu, wakiwemo wasiojua kuandika majina yao, wamekuwa wakifanya hesabu ya kutoa sita kila wanapotazama mkono. Saa ya mishale ilitusaidia katika hesabu hiyo pasipo waliyoitengeneza kujua. Jicho lilivuka tu uso wa saa hadi mkabala na mkono mfupi, na pale palikuwa na namba yetu imekaa: mkabala na 7 pana 1, mkabala na 9 pana 3. Wazee wengi hawakuwahi kutoa sita hata siku moja. Waliutazama mkono kinyumenyume. Saa ya tarakimu iliyo katika simu haina mkabala. Yasema 07:00, na anayetaka saa moja aitafute mwenyewe kichwani.

Hapo hatujavuka mpaka. Saa za Zambia ziko nyuma ya zetu kwa saa nzima. Simu iliyoko Tunduma, hasa karibu na geti, hunasa mnara wa Nakonde pasipo kumwuliza mwenyewe, na kama imeachiwa kujipangia wakati, hubadilisha saa yake. Mtu ameketi chini ya mti ule ule, hajainuka, na simu yamwambia kuwa dakika 60 zimerudi. Ikinasa tena mnara wa kwetu, dakika zile hupotea. Hivyo kwa wakati mmoja kuna saa tatu mahali hapo: simu moja yasema 7, ya jirani yake yasema 6, na vinywa vya wote wawili vyasema saa moja. Ndiyo sababu wafanyabiashara wa Tunduma wakipatana na wenzao wa ng'ambo huulizana kwanza, "Saa zenu au saa zetu?" Swali hilo ni la adabu kubwa. Linakubali kwamba saa ni ya watu, wala si ya chombo.

Tena kuna jambo ambalo wachache hulifikiria. Saa za Tanzania nzima zimefungwa kwenye longitudo ya digrii 45 mashariki, ambayo inapita mbali baharini. Tunduma iko karibu na digrii 33. Ukipiga hesabu, dakika 4 kwa kila digrii, utaona kuwa jua la Tunduma liko nyuma ya saa yetu rasmi kwa dakika 49 hivi, lakini liko mbele ya saa ya Zambia kwa dakika 11 tu. Yaani kwa upande wa jua, mnara wa Nakonde ndio unaosema kweli zaidi. Mtoto wa Mbozi anayetakiwa shuleni saa moja na nusu aamka gizani katika miezi ya baridi, wakati mwenzake wa Dar es Salaam amekwisha kuona jua karibu nusu saa kabla yake. Hatupendekezi kila mkoa uwe na saa yake; tumekaa ofisini vya kutosha kujua fujo ambayo ingezuka. Ila twaona ni ajabu kwamba katika simu zote zinazouzwa sokoni Tunduma, zenye mipangilio ya rangi, ya milio na ya picha za mandhari, hatujaona hata moja yenye saa ya Kiswahili. Kuitengeneza si kazi ngumu: ni kutoa sita. Mlango huo haujabishwa hodi.

Simu si saa tu. Simu ni mwandishi, na twathubutu kusema kwamba ndiyo inayoandika nathari ya Kiswahili inayosomwa na watu wengi kuliko vitabu vyote. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na wenzake walipofuata, kila fedha inayotumwa huzaa ujumbe, na ujumbe ule husomwa kwa makini ambayo mtunzi wa riwaya hawezi kuiota. Husomwa mara mbili. Husomwa kwa sauti mbele ya mashahidi. Asiyejua kusoma humpa mwanawe amsomee, naye humsahihisha kwa kuuliza, "Umeanza wapi?" Tumeuchunguza ujumbe huo kama kazi ya lugha. Sentensi zake ni fupi, vitenzi vyake viko katika hali ya kutendwa: imethibitishwa, imepokelewa, imekatwa. Imekatwa na nani? Mtenda hayupo. Katika sarufi ya ujumbe wa fedha, fedha inapoingia ina jina la mtu, inapopungua haina mtu. Mshairi angekosolewa kwa kumficha mtenda namna hiyo, kampuni hukubaliwa.

Ujumbe huo umefanya jambo jingine ambalo watunga sera hawakulikusudia. Zamani fedha zilikwenda kijijini mkononi mwa kondakta wa basi, au zimekunjwa katika barua, na juu ya bahasha paliandikwa "Kwa Baba Neema". Sasa kabla ya kutuma, simu huleta jina lililosajiliwa ili mtumaji athibitishe, na mtu aliyekaa na Baba Neema mtaa mmoja kwa miaka kumi hugundua kwamba jirani yake ana majina matatu asiyoyajua, yote kwa herufi kubwa. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao muhula wake wa mwisho ulikuwa Januari 2020, jina hilo ni lile la kitambulisho cha taifa. Kwa hiyo mtu wetu ana jina analoitwa na watoto wa mtaa na jina analoitwa na simu. Hatuoni ubaya wa kusajili. Lakini jina la kuitwa kwa mtoto ni heshima iliyotungwa na jamii, na chombo hakina nafasi ya kuliandika.

Na kwa kuwa tunasema juu ya nathari, hatuwezi kuiacha ile ya matapeli, maana kwa upande wa usanii imewapita wengi. Nani katika Tanzania hajapokea ujumbe unaomwambia kuwa ile hela aitume kwenye namba hii? Tuupime. Hauna salamu, hauna jina, hauna maelezo. Nguvu yake yote iko katika neno moja dogo, "ile". Neno "ile" hutumika kwa kitu kinachojulikana na wote wawili, msemaji na msikilizaji. Tapeli hajui kitu; anaazima ujuzi wa msikilizaji. Anajua jambo moja tu, kwamba katika nchi hii hakuna mtu asiye na "ile hela": ada ya mdogo wake, mchango wa harusi, deni la mbolea, rambirambi aliyoahidi. Ujumbe unaingia katika undugu wetu kama mkono katika mfuko ulio wazi. Tunawaonya vijana wetu wasitapeliwe, na ni vema. Walakini mwalimu wa Kiswahili anayetafuta mfano wa nguvu ya kionyeshi hatapata ulio bora kuliko huu.

Kuhusu salamu, wazee hulalamika kwamba simu imeiua. Mtu hupiga na neno lake la kwanza ni "Uko wapi?" kabla hajajua kama mwenzake ni mzima. Malalamiko ni ya haki, lakini hayajakamilika. Katika nyanda hizi kumwamkia mkubwa ni kazi ya mwili mzima: mtu huinama, huchutama, viganja hugonganishwa taratibu. Simu haioni hayo. Hata hivyo tumemwona mama mmoja kando ya barabara ya Vwawa, mzigo kichwani, aliyeutua mzigo wake akachutama vumbini na simu sikioni, kwa kuwa sauti iliyokuwa ndani yake ilikuwa ya mkwewe. Wapita njia hawakucheka. Kwa Wanyakyusa na jirani zao mke wa mwana hakutakiwa kukutana na baba mkwe uso kwa uso. Alipita kando, alijificha. Je, sauti ni uso? Mkwe anayesema ndani ya sikio la mke wa mwanawe yuko karibu kuliko alivyowahi kuwa, na papo hapo haonekani. Mwiko haukuwa na fungu juu ya jambo hili, na wanawake wamelitungia fungu wenyewe, kila mmoja kwa namna yake: wengine husema wakiwa wamechutama, wengine humpa mume simu, wengine huzungumza kama kawaida. Hapo ndipo utamaduni unapotengenezwa, wala hakuna afisa utamaduni aliyeitwa.

Tungeweza kusema mengi juu ya kubipu, sanaa iliyokuwa na sheria kama za ngoma: mlio mmoja, nimefika, milio miwili, nipigie, mitatu, kuna jambo. Bando za bei nafuu zimekwisha kuiua, na haijaandikwa na mtu.

Tutazame maneno. Neno "simu" lilitoka Uajemi na maana yake ni waya. Siku hizi twabeba waya usio na waya, na hakuna anayeumia. Lugha ina kumbukumbu ya namna hiyo. Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu mwaka 1967 na kazi yake ni ngumu kuliko wanavyodhani wanaolicheka. Katika maneno yaliyoletwa kwa ajili ya vyombo, sisi twaliona "king'amuzi" kuwa bora kuliko yote. Kuanzia tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya televisheni ya analojia ilipoanza kuzimwa, Dar es Salaam ikiwa ya kwanza, watu walihitaji jina la kile kisanduku, na neno likawa tayari, limetoka katika kitenzi kilicho hai: kung'amua. Hata asiyeliona kabla alijua kinachofanywa. "Kishikwambi" ni zito kinywani, lakini limeshika, kwa sababu mwaka 2022 makarani wa sensa waligonga kila mlango wakiwa nacho mkononi, na baadaye vikagawiwa walimu. Neno lililofika pamoja na kitu hupokelewa. "Tarakilishi" halikupata bahati hiyo kwetu. Lilipofika, kompyuta ilikuwa imekwisha kuketi kitini.

Na hapo yafaa tuseme wazi. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na televisheni haikuwepo Bara hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo tangu 1973. Sababu zilikuwapo: fedha za kigeni zilikuwa chache, na kulikuwa na mahitaji ya lazima zaidi. Hatuzikebehi. Tunachosema ni kwamba tulipewa muda. Mlango ulifungwa kwa miaka mingi, nasi tulikuwa ndani na wataalamu wa lugha, walimu na washairi, tukijua kuwa siku moja utafunguliwa. Muda huo haukutumiwa kutunga msamiati. Mlango ulipofunguliwa vyombo viliingia na majina yake, na majina yetu yakawafuata mbio kwa nyuma. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa programu ya ofisi ya Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice, kazi ya maana sana. Katika ofisi tulizofanyia kazi hatukuikuta. Tulikuta kompyuta ambayo muhtasari wa kikao ukiandikwa kwa Kiswahili fasaha, kila neno hupigiwa mstari mwekundu, kama daftari la mwanafunzi mjinga. Katibu muhtasari kijana huyatazama mekundu yale siku nzima, mwaka mzima. Hakuna aliyemwambia kuwa Kiswahili ni kosa. Ameonyeshwa tu.

Baada ya hayo yote, tuwageukie watunzi wenzetu. Mashairi juu ya simu yako tele, magazetini na redioni, na karibu yote ni ya aina mbili. Aina ya kwanza hulaani: simu imevunja ndoa, simu imeharibu watoto. Aina ya pili husifu: dunia imekuwa kijiji. Vina vimekaa, mizani imetimia, na chombo chenyewe hakimo. Ukiliondoa neno "simu" ukaweka "pombe" au "gari", beti hazitaona tofauti. Huu ni upungufu mkubwa, na tuupime kwa kuwatazama waliotutangulia. Pwani neno "chombo" ni jahazi. Washairi wa kale waliotumia jahazi kwa mafumbo ya nchi, ya ndoa na ya roho walikuwa wakikijua chombo: foromali, mlingoti, demani, ngama, usukani, kila kimoja kwa jina na kazi yake, na kwa hiyo fumbo lilishika maji. Jahazi lilipozama katika utenzi, msikilizaji alijua ni ubao gani ulioachia. Sisi twabeba mfukoni chombo tusichoweza kutaja sehemu zake tano. Ndiyo sababu twakilaani au kukisifu. Mtu asiyekijua kitu hana la tatu la kusema.

Lakini wako wanaokijua. Katika kila mtaa wa soko la Tunduma yuko fundi mwenye meza ndogo chini ya mwavuli, pasi ya kulehemu, risasi, brashi ya meno na kopo la vipuri vilivyotolewa katika simu zilizokufa. Kitabu cha maelekezo alichokipata, kama alikipata, kiliandikwa kwa Kichina na Kiingereza. Kiswahili cha kazi amejitungia. Msikilize: simu haikuharibika, "imezima", "imeganda", "imelewa maji". Betri "inakula chaji" au "imevimba tumbo". Uso wake ni "kioo", neno lile lile la kujitazamia. Simu "inasikia lakini haioni", yaani mlio upo na picha haipo. Aliyeachishwa shule darasa la saba amekifanya chombo cha kigeni kiwe mwili, chenye tumbo na macho na masikio, akakitibu. Aliyepeleka simu yake baada ya usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu bandia nchini kote, aliambiwa na fundi kuwa "huyu hana ugonjwa, amenyimwa roho". Hatujui mshairi aliyesema jambo hilo vizuri zaidi mwaka ule.

Mfua chuma wa Kinyiha alikwenda na maneno yake kwa sababu hakukuwa na aliyeketi karibu na tanuri na daftari. Meza ya fundi simu iko kando ya barabara, na fundi hana siri. Ofisi za utamaduni za wilaya zina maafisa, vyuo vina wanafunzi wa Kiswahili wanaohangaika kutafuta mada za tasnifu, na Baraza lina kamati za istilahi. Wiki mbili kwenye viti vya mbao chini ya miavuli ile zingetosha kwa orodha ya kwanza: jina la kila kipuri, la kila ugonjwa, la kila tiba, kama yasemwavyo, pamoja na yale ya Kinyamwanga na ya Kibemba yaliyovuka geti pasipo kukaguliwa. Kasumulu, Namanga na Mutukula nako kuna meza kama hizo, na maneno yao hayatakuwa haya.